Metali Inayojifutia Nyayo: Kuyeyusha na Kusubu Shaba katika Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita



Kazi ninayokusudia kuizungumzia leo ni ndogo, na huenda baadhi yenu mmewahi kuiona bila kuipa uzito. Mtu hukusanya koki mbovu za maji, kitasa kilichovunjika, kufuli la zamani na vipande vya rejeta ya gari. Nyuma ya nyumba huchimba shimo la kina cha nusu mkono, akalijaza makaa, na kulipuliza kwa feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Katikati ya makaa huweka chungu kidogo kinene cha udongo, au kipande cha bomba la chuma kilichozibwa upande mmoja. Baada ya muda vile vipande hulegea, hushuka, huwa kimiminiko chenye mng'ao wa machungwa. Naye hukimimina katika mchanga wenye unyevu kidogo alioushindilia ndani ya kisanduku na kuuachia umbo analolitaka. Kikipoa, hupata bizimu ya mkanda, pete, kengele ndogo au kishikio cha mlango. Aghalabu hakiuzi. Hufanya kwa kupenda tu, jioni baada ya kazi nyingine, kama mwingine apendavyo kucheza bao.

Swali langu ni hili: je, kazi hiyo ina historia katika Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, na kama inayo, tutaisoma wapi? Nitadai kwamba inayo, na kwamba sehemu kubwa yake haisomeki ardhini wala makumbusho, bali katika maneno. Dai hili lina uzito kwetu sisi tunaofanya kazi ya kamusi, kwa sababu iwapo ni kweli, basi kila neno la tanuri tunaloliacha lipotee bila kuliandika ni sawa na kuchoma jalada la pekee.

Chuma na ushahidi wake

Wanahistoria hawakuzipuuza metali za kaskazini-magharibi ya Tanzania. Kinyume chake, wameandika mengi. Lakini wameandika juu ya chuma. Mwaka 1943 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya de Rosemond juu ya uyeyushaji wa chuma katika wilaya ya Kahama. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao wa matanuri ya Buhaya, yenye umri wa takribani miaka elfu mbili. Baadaye Schmidt aliwachunguza Warongo, wale wahunzi wa upande wa Buzinza na Geita ambao majembe yao yaliwafikia Wasukuma kwa kubadilishana na mifugo na nafaka. Tunaarifiwa pia kwamba mwaka 1891 majembe yapatayo 150,000 yalipita katika soko la Tabora. Hiyo si kazi ya pembeni. Ni kiwanda, ingawa hakikuwa na paa.

Kwa nini tunayajua haya yote? Kwa sababu chuma huacha nyuma yake mavi ya chuma. Tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma huacha vipande vizito vyeusi, huacha mabomba ya udongo ya mivukuto yaliyoungua, huacha shimo. Mvua inyeshe miaka elfu, mavi yale hayaozi. Mwanaakiolojia anayainua, anayapeleka maabara, naye anarudi na tarehe.

Shaba haina ukarimu huo. Iliyofika Usukuma na Usumbwa ilifika ikiwa imekwisha kuyeyushwa kwingine, kwa hiyo haikuacha mavi ya kutosha kuokotwa. Shimo lake ni dogo kama la kuchomea mahindi. Na kitu chenyewe kilichotengenezwa ndicho malighafi ya kitu kitakachofuata: bangili ya bibi huwa pete ya mjukuu, na pete huwa bizimu. Kila mfua shaba anamfutia nyayo mfua shaba aliyemtangulia. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, yana nyumba ya mhunzi, na inafaa sana kutembelewa; lakini mhunzi anayekumbukwa pale ni wa nyundo na jembe.

Nadhani kuna sababu nyingine ya ukimya huu. Uyeyushaji wa chuma ulizungukwa na miiko. Kwa Warongo tanuri lilifananishwa na mwanamke mjamzito, na wenye kulihudumia walijitenga na wake zao kwa siku za kazi. Mambo kama hayo humvutia mtafiti, na ni haki yavutie. Kuyeyusha bangili kuukuu si kuzaa. Ni kumvika mtu yule yule nguo nyingine. Pasipo mwiko, mtafiti hupita bila kusimama.

Masango, vitindi na nsambo

Hata hivyo shaba ilikuwepo, tena kwa wingi. Burton alipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, alikuta biashara ya bara ikiendeshwa kwa vitu vitatu vikuu: nguo, shanga na waya. Hizo waya nene za shaba ziliitwa masango. Zilitoka pwani zikiwa zimeviringwa, mpagazi akizibeba mabegani kwa mti, na zikifika Unyamwezi ziligeuzwa vitindi, yaani bangili ndefu za kuzungushwa mkononi mara nyingi. Mwenzake Speke aliondoka hapo Kazeh mwaka 1858 akaelekea kaskazini, akaikatiza nchi ambayo leo ni Shinyanga hadi kulifikia ziwa. Mwaka 1871 Stanley, alipokuwa Unguja akijiandaa kumtafuta Livingstone, alielezwa na mshauri wake wa Kiarabu kwamba shanga zilikuwa mahali pa sarafu za shaba, nguo mahali pa fedha, na waya, katika nchi za ng'ambo ya Tanganyika, mahali pa dhahabu. Aliambiwa kwamba frasila kumi zingemtosha, yaani kilo 159 hivi. Naomba mlikumbuke fumbo hilo la shaba kuwa dhahabu, maana tutalirudia.

Waya nene si mwisho wa kazi. Watu wa Unyamwezi, Usukuma na Usumbwa walijua kuvuta waya. Ufito wa metali hufuliwa hadi uwe mwembamba, ncha yake hupitishwa katika tundu la bamba la chuma, hukamatwa kwa koleo na kuvutwa. Kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi, mpaka waya inakuwa kama uzi. Uzi huo ulizungushwa juu ya singa za mkia wa mnyama, ukapatikana ule urembo wa miguuni uitwao nsambo. Pwani uzi wa namna hiyo uliitwa udodi. Ili kupata ufito wa kuanzia, ni lazima mtu awe na metali iliyoyeyushwa na kumiminwa katika mfereji, na hapa ndipo ninapoiona kazi ya yule jirani yetu mwenye koki mbovu. Hatua yake ya kwanza ni ile ile.

Shaba nyingine ilitoka magharibi. Katikati ya karne ya 19 misafara ya Wasumbwa na Wanyamwezi ilikwenda Katanga kununua shaba. Mmoja wa wafanyabiashara hao, Kalasa, alikuwa na mwana aliyekuja kujulikana kwa jina la Msiri. Msiri alilowea huko, akajenga makao yake Bunkeya, akatawala Garenganze hadi alipouawa Desemba 1891 na afisa wa msafara wa Stairs. Watu wake, Wayeke, ndio wanaotajwa kuwa waliingiza Katanga ufundi wa kuvuta waya nyembamba. Tazameni mwelekeo wa mambo: nchi yenye migodi ya shaba ilipata ufundi huo kutoka nchi ambayo haikuwa na mgodi wa shaba. Anayenunua metali kwa bei ghali na kwa mwendo wa miezi mingi hujifunza kuinyoosha zaidi kuliko anayeichimba uani kwake.

Neno lenyewe

Sasa tulichunguze neno. Kamusi za Madan (1903) na Johnson (1939) zinalipa neno shaba maana mbili: metali nyekundu inayochimbwa, na ile ya njano ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Zikitakiwa zitenganishwe, ya kwanza ni shaba nyekundu na ya pili ni shaba nyeupe. Wanafunzi huniuliza mara kwa mara nyeupe iko wapi, nami huwajibu kwamba weupe wa Kiswahili cha zamani ni pamoja na mng'ao na uangavu, si rangi ya karatasi peke yake.

Walimu wengi wa sayansi hulalamika kwamba huu ni umaskini wa lugha: metali mbili, jina moja. Sikubaliani nao. Kiarabu kina neno shabah, lenye shina la kufanana, na maana yake ilikuwa metali ya njano. Wanakamusi wa Kiarabu wanaeleza kwamba iliitwa hivyo kwa sababu inafanana na dhahabu. Shaba nyekundu kwa Kiarabu ni nuhas. Kwa hiyo Kiswahili kilipopokea neno shaba, kilipokea jina la mchanganyiko, jina la mfanano, na ndipo kikalipanua hadi likaifunika metali mama. Neno hilo likasafiri na misafara hadi Katanga, na mwaka 1971 serikali ya Zaire ikaupa mkoa huo jina la Shaba, jina lililodumu hadi 1997. Neno lililozaliwa kuieleza metali bandia lilikwisha kuwa jina la mojawapo ya nchi zenye shaba nyekundu nyingi kuliko zote duniani. Huko ndiko kusafiri kwa maneno.

Lakini kuna hoja ya pili inayolitetea neno hili moja, nayo haitoki katika kamusi; inatoka katika chungu. Shaba ya njano huyeyuka kwenye nyuzi 900 hadi 950 hivi za Selsiasi, kutegemea kiasi cha zinki. Zinki yenyewe huchemka kwenye nyuzi 907. Maana yake ni kwamba kila mara shaba ya njano inapoyeyushwa, sehemu ya zinki hupanda juu kama mvuke, hukutana na hewa na kuwa moshi mweupe mzito, na kinachobaki chunguni kina shaba nyekundu nyingi zaidi kwa uwiano kuliko mwanzo. Iyeyushe mara moja, hutaona tofauti. Iyeyushe mara nyingi, bila kuongeza zinki, nayo itazidi kuwa nyekundu. Bangili iliyozaliwa njano huelekea kufa ikiwa nyekundu. Fundi aliyeishi na metali hii maisha yake yote hakuziona metali mbili. Aliona metali moja yenye safari, na Kiswahili kikampa jina moja lenye sifa mbili za rangi. Sidhani kwamba lugha ilikosea hapo.

Tuyatazame na maneno ya jirani. Katika Kiswahili, maneno ya kazi ya chuma kwa sehemu kubwa ni ya Kibantu: chuma, nyundo, kufua, fuawe, mvukuto. Maneno ya metali laini na ya kumimina yametoka ng'ambo: shaba, dhahabu, fedha, risasi na zebaki ni ya asili ya Kiarabu, vivyo hivyo kalibu, yaani umbo la kumiminia, na kusubu, yaani kumimina metali katika kalibu. Sonara ametoka India. Ni rahisi kuhitimisha kwamba wenyeji walijua kufua, na wageni wakawafundisha kusubu. Tuwe waangalifu. Mji wa Lamu una siwa ya shaba iliyosubiwa karne kadhaa zilizopita, kwa hiyo pwani ilikuwa na ufundi mkubwa wa kusubu. Lakini mkopo wa neno si lazima uwe mkopo wa kazi. Bara watu waliyeyusha na kumimina kwa vitenzi vyao wenyewe. Hata leo, mtu wa Kahama anayefanya kazi hii atakuambia anayeyusha na kumimina; kusubu atakukodolea macho. Kitenzi hicho kimo katika kamusi na hakimo mdomoni, wakati kumimina kumo mdomoni na katika kamusi kumebaki kuwa kazi ya maji na maziwa. Mwanakamusi mwenye haki ataongeza maana katika kumimina kabla hajamlaumu mzungumzaji.

Aidha, kuna maneno mapya yanayoingia kwa mlango wa nyuma. Wanunuzi wa vyuma chakavu husema kopa na brasi. Msiharakishe kukasirika. Mizani ndiyo iliyoyaleta: kilo ya shaba nyekundu na kilo ya shaba ya njano hazina bei moja, na mfanyabiashara anayenunua kwa kilo hawezi kuishi na jina moja. Pale ambapo fundi aliona safari, mnunuzi anaona bei mbili. Lugha inayahitaji yote mawili, na kama hatupendi kopa, inatupasa tuwape watu kitu kifupi kama kopa, maana hakuna atakayesimama mbele ya mizani akisema shaba nyekundu isiyo na mchanganyiko.

Tabora, 1916

Metali ya kuyeyushwa upya iliwahi kuwa mambo ya dola, na habari yenyewe iko jirani kabisa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Kijerumani ulizingirwa baharini na kukosa sarafu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, ulianza kupiga sarafu zake wenyewe: senti za heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na nyingine za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba. Shaba haikutoka mgodini popote. Ilikusanywa, na inaelezwa kwamba maganda ya risasi na ya mizinga yalikuwa sehemu yake. Za dhahabu zilipigwa zipatazo elfu kumi na sita tu, na leo zinatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima. Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, karakana ikanyamaza.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba kwa miezi michache dola ilifanya kile ambacho mtu wa kawaida hufanya nyuma ya nyumba: ilitazama taka zake na kuona metali. Vipande vile vya heller 20 vya njano vikiachwa juani vinang'aa vizuri sana, na mtu asiyejua angeweza kuvidhania vya thamani kuliko vilivyo.

Baada ya hapo shaba ilizidi kuja kwa njia nyingine. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, ipitayo Shinyanga, ilikamilika mwaka 1928, nayo ilileta injini za mvuke zenye valvu na koki za shaba. Mashine za pamba zilikuwa na bushi za metali hiyo hiyo. Mwadui ilianza kuchimba almasi mwaka 1940, na karakana zikaongezeka. Hata sarafu ya senti 20 ya mwaka 1966, ile yenye mbuni, ilikuwa ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Thamani yake sokoni ilikwisha, metali yake haikwisha. Kwa upande wa nyaya, tamaa ya shaba nayo haikuanza jana. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakuu wa reli ya Uganda walilalamika kwamba Wanandi walikata nyaya za simu na kuzifanya mapambo. Leo mashirika ya umeme na simu yanalalamika juu ya nyaya hizo hizo, ila mapambo yamegeuka kilo.

Chini ya kivuli cha dhahabu

Nimekuwa nikiuzunguka ukanda wa dhahabu; sasa tuingie ndani yake. Dhahabu ya Geita iliripotiwa na Wajerumani mwaka 1898. Mgodi mkubwa ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, ukafungwa. Wachimbaji wadogo waliujaza ukanda huo katika miaka ya 1980 na 1990, kisha migodi mikubwa ikarudi: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu wilayani Kahama mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, na mwaka 2019 ikafunguliwa soko la dhahabu.

Uchimbaji mdogo uliusambaza ufundi wa kuyeyusha kuliko shule yoyote ya ufundi. Mchimbaji akishakamata dhahabu yake kwa zebaki na kuichoma, mnunuzi huiyeyusha mbele yake katika kijungu kidogo cha udongo, kwa moto wa gesi au wa makaa, akitia boraksi ili uchafu ujitenge. Dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Shaba ya njano inahitaji moto mdogo kuliko huo. Yeyote aliyeiona kazi hiyo mara kumi na mwenye feni ya kupulizia anaweza kuyeyusha koki. Tena ni desturi ya masonara popote kumpa mwanafunzi shaba aharibu kabla hajakabidhiwa dhahabu ya mtu. Kwa hiyo katika ukanda huu shaba ni daftari la mazoezi la dhahabu.

Na ni bandia yake pia. Hapa ndipo lile neno la Kiarabu linapokuja kudai haki yake. Udanganyifu wa kumuuzia mtu kipande cha shaba kilichosubiwa vizuri, kikasuguliwa na kufungwa katika kitambaa kama dhahabu, unajulikana katika Afrika Mashariki nzima, na waathirika wake wengi si wenyeji wa machimboni. Mwenyeji ana njia zake. Huangalia uzito: sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, na ya shaba ya njano 8.5 hivi, tofauti ambayo kiganja kilichozoea hakihitaji mizani kuijua. Husugua juu ya jiwe la kujaribia na kuangalia mchirizi. Hudondoshea asidi ya nitriki: shaba huchemka na kutoa rangi ya kijani, dhahabu hukaa kimya. Mgeni hana lolote kati ya haya. Ana macho tu, na shaba iliitwa shaba kwa sababu ya macho.

Lipo jambo moja ambalo ningekuwa mkosa nisingelitaja. Nimesema mara kadhaa kwamba shaba ya nchi hii ilitoka nje. Chini ya ardhi ya Kahama shaba imo. Miamba ya Bulyanhulu na Buzwagi ina shaba pamoja na dhahabu na fedha, na kwa miaka mingi sehemu ya mavuno ya migodi hiyo ilisafirishwa kama mchanga uliokolezwa ili ukayeyushwe ng'ambo. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji huo. Makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam, na kwa majuma kadhaa nchi nzima ikajifunza neno makinikia. Mgogoro uliishia katika makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020. Sina nia ya kuufungua upya. Ninachokitazama ni kile kilichokuwa kikiendelea wakati makontena yale yakisubiri: wilayani humo humo, mtu akitaka shaba ya kuyeyusha ilimbidi avunje koki iliyotengenezwa Asia. Na kama wapo miongoni mwenu wanaodhani kwamba istilahi haziwezi kuingia mitaani, makinikia ni jibu. Neno lililokuwa la wataalamu wachache liliingia katika daladala kwa mwezi mmoja, kwa sababu watu walikuwa na haja nalo.

Moshi mweupe

Haja ninayoiona sasa katika kazi hii ya nyumbani ni ya afya, nayo haijapata neno lake. Ule moshi mweupe nilioutaja ni oksidi ya zinki. Mtu akiuvuta jioni, usiku hupata baridi, homa, maumivu ya mwili na ladha ya chuma kinywani. Kesho au keshokutwa amepona, naye huenda akasema ilikuwa malaria. Katika mikoa yenye malaria nyingi kama hii kosa hilo ni jepesi kufanyika. Baya zaidi ni risasi, ile metali, ambayo huchanganywa kidogo katika koki nyingi ili zichongeke kwa urahisi. Mvuke na vumbi lake haviwapi watu homa ya siku moja. Hujikusanya mwilini, na watoto wanaocheza karibu na shimo huathirika kuliko mtu mzima. Mchanga wenye maji mengi nao una hatari yake: metali ikimiminwa juu yake, maji hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni.

Haya yote ni rahisi kuyaeleza. Fanya kazi mahali pa wazi, upepo ukiwa mgongoni, usizidishe moto baada ya metali kuyeyuka, funika chungu, watoto wakae mbali, mchanga uwe na unyevu wa kushikana tu, usiotoa maji ukikamuliwa. Lakini jaribuni kuyaandika katika bango la Kiswahili, mtaona tatizo. Zinki kwa watu wengi si jina la metali hata kidogo. Risasi ni kitu cha bunduki, na mtu akisoma kwamba koki yake ina risasi atacheka. Homa ya moshi wa metali haina jina linalotumika na wote, kwa hiyo mgonjwa hawezi kumwambia tabibu, na tabibu hana cha kumuuliza isipokuwa kwa maelezo marefu.

Nimewapa wanafunzi wangu kazi ya kukusanya maneno yanayosemwa karibu na shimo hilo, Kahama, Geita, Katoro na Shinyanga mjini, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma na Kisumbwa pia: jina la chungu, la mchanga, la umbo la kumiminia, la uchafu unaoelea juu, la kipande kilichokataa kujaa. Nimewaagiza waanze na swali moja ambalo halimo katika orodha yoyote ya istilahi niijuayo, nalo ni hili: ule moshi mweupe unapopanda, mnauitaje?